Panzi, Nzige na Asili ya Mwanadamu



Kijana mmoja anayechunguza habari za Jumuiya yetu alinijia baada ya darasa akiwa na swali ambalo hakulitoa vitabuni. Mdogo wake, aliyekuwa mtoto mpole nyumbani, mwoga hata wa kuchinja kuku, aliingia katika kundi la vijana wanyang'anyi, na usiku mmoja akashiriki kumpiga mwenye duka mpaka akamvunja mkono. Baba yao alitamka mbele ya ukoo kwamba huyo si damu yake, kwamba alizaliwa na ubaya, nao ubaya ulikuwa ukingoja siku yake tu. "Sheikh," akaniuliza, "Islam yasemaje? Yuko mtu aliyeumbwa mbaya? Maana kama yuko, mimi sina ndugu tena."

Nilimjibu kwa kumwuliza kama anaijua tofauti ya panzi na nzige. Akatabasamu, akidhani namkwepa. Lakini sikumkwepa, na nataka kueleza hapa kwa nini.

Kiswahili chetu kimewapa wadudu hawa majina mengi: panzi, parare, senene, nzige, na tunutu kwa nzige mchanga asiyeota mabawa. Wataalamu nao wamewapanga katika oda moja yenye aina zipatazo 29,000 zilizokwisha kuelezwa, nao wameigawa katika matawi mawili makubwa, yaani wenye papasi fupi na wenye papasi ndefu. Panzi na nzige wamo katika tawi la kwanza. Senene, ambao ndugu zetu wa Bukoba na Buganda huwangoja kwa hamu msimu wa mvua, ni wa tawi la pili pamoja na chenene. Na wale wa kijani na wale wa hudhurungi, ingawa machoni petu ni tofauti, ni aina moja. (Wapo wanaoniuliza kama nzige ni halali. Masahaba r.a. waliwala wakiwa safarini pamoja na Mtume Mtukufu s.a.w., na hadithi zake ni sahihi.)

Katika maelfu hayo yote, aina zistahilizo kuitwa nzige ni ishirini hivi tu. Je, zimetofautianaje na panzi wengine? Hapa ndipo penye ajabu.

Mpaka mwanzo wa karne ya ishirini wataalamu waliandika vitabuni mwao kwamba wako wadudu wawili: mmoja mtulivu, akaaye peke yake majanini, na mwingine aendaye kwa makundi makubwa na kuangamiza mashamba. Kila mmoja alikuwa na jina lake la kitaalamu, maana rangi yao si moja, umbo la kifua si moja, wala mabawa hayalingani. Mwaka 1921 Boris Uvarov, Mrusi aliyekuwa amehamia London, alitangaza kwamba hao wawili ni mmoja. Alikuwa ameshuhudia katika Caucasus Kaskazini, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mayai ya mmoja yakitoa watoto wenye sura ya mwingine. Hapakuwa na aina njema na aina mbaya. Palikuwa na mdudu mmoja mwenye hali mbili.

Hali kadhalika nzige wa jangwani. Wakati wa utulivu makazi yake ni nchi kame zipatazo mvua isiyozidi milimita 200 kwa mwaka, tangu Mauritania mpaka India, eneo la kilomita za mraba milioni 16 hivi. Huko huishi kama panzi yeyote. Huruka usiku, na akimwona mwenziwe humwepuka. Kisha mvua nyingi hunyesha, majani huota, nao huzaana. Majani yakianza kukauka, wote husongamana katika vipande vichache vya kijani vilivyosalia. Hapo hugusana. Uchunguzi umeonyesha kwamba kuguswa-guswa paja la mguu wa nyuma kwa saa chache kwatosha kumgeuza aliyekuwa akikimbia wenzake awe mwenye kuwafuata. Mwaka 2009 ilidhihirika kwamba katika saa hizo kemikali iitwayo serotonini huongezeka katika neva zake. Na kemikali hiyo imo hata katika mwili wako, ndugu msomaji. Rangi na umbo hufuata baadaye, naye mama huwarithisha watoto wake hali hiyo tangu yaini.

Dhoruba mbili zilizonyesha Uarabuni kusini, Mei na Oktoba 2018, ndizo zilizoanzisha balaa lililoingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, na ambalo nchi hiyo haikuwa imeona mfano wake kwa miaka sabini. Kundi la kilomita moja ya mraba, kwa hesabu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hula kwa siku moja chakula cha watu 35,000. Mkulima aliyeona mtama wake ukiisha kabla ya adhuhuri asingekubali kuambiwa kwamba mdudu yule ni panzi yule yule wa jangwani, mwoga na mpweke. Walakini ndiye.

Basi nilimwambia kijana yule: baba yako amefanya kosa la wataalamu wa kale. Ameona rangi mpya, akadhani ni kiumbe kipya. Kurani Tukufu (30:31) yafundisha kwamba Mwenyezi Mungu amewaumba watu juu ya maumbile safi, na Mtume Mtukufu s.a.w. ameeleza kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya maumbile hayo. Hatuamini kwamba mtoto hushuka duniani na dhambi ya mtu mwingine mgongoni. Naye Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, amebainisha kwamba nguvu za asili za mtu si ubaya wala si wema kwa nafsi zake. Huwa tabia njema zikitumiwa mahali pake na kwa kuongozwa na akili.

Lakini pana pingamizi, na kijana yule alikuwa mwerevu wa kuliona. "Kama ni kundi lililomgeuza," akasema, "basi mdogo wangu hana kosa."

La hasha. Mfano una mipaka yake. Nzige hakuchagua mvua ikatike, wala hajui kwamba amegeuka. Mwanadamu hujua. Kurani Tukufu yataja nafsi iamrishayo maovu (12:54), kisha yataja nafsi ijilaumuye (75:3), kisha nafsi iliyotulia (89:28). Nilimwuliza mdogo wake alikuwaje baada ya usiku ule. Akanena kwamba hakulala siku tatu, na kwamba alikiri kuwa alimpiga yule mtu kwa sababu wenziwe waliokuwa nyuma yake walikuwa wakimtazama. Ajabu, hata tunutu wako hivyo: imethibitishwa kwamba msafara wao husonga mbele kwa sehemu kubwa kwa sababu asiyesonga hutafunwa na walio nyuma. Kwa mbali twaona jeshi. Ndani yake ni woga. Ila tunutu hakosi usingizi kwa alichokitenda. Kule kukosa usingizi ndiko kunakomfanya mdogo wake awe mwenye kuulizwa, na ndiko pia kunakompa njia ya kurudi.

Katika hadithi mashuhuri Mtume Mtukufu s.a.w. alisimulia habari za mtu aliyeua watu tisini na tisa, kisha akatimiza mia. Mwanachuoni aliyemwendea hakumwambia kwamba aliumbwa muuaji. Alimwambia mlango wa toba u wazi, lakini auhame mji wake, aende kwenye nchi ya watu wamwabuduo Mungu, wala asirudi. Alifia njiani, na akasamehewa kwa kuwa alikuwa karibu zaidi na alikokwenda. Sharti lililotajwa ni moja, nalo ni kubadili jamaa.

Kijana akauliza itachukua muda gani. Nilimweleza kwamba nzige aliyesongamana kwa saa chache, akitengwa, hurejea upesi; lakini aliyezaliwa na kulelewa kundini hurejea nusu tu, na kukamilika kwake huweza kuhitaji vizazi. Mdogo wake alikaa na wale vijana mwaka mmoja na nusu. Asitarajie wiki mbili.

Akataka kujua kama anaweza kumleta darasani kabla hajaamua lolote juu ya dini. Nikamwambia darasa ni Jumatano baada ya Sala ya Alasiri, lakini mwenye duka, ambaye mkono wake haujapona sawasawa, ndiye wa kuendewa kwanza.