Fimbo Mpya na Fimbo ya Kale

Msomaji, tumfikirie kijana wa miaka ishirini katika mji mdogo wa Litein, uliozungukwa na vilima vya chai. Mchana huchuma majani katika shamba la mama yake. Jioni, kazi ikiisha, hucheza pool katika chumba kilicho nyuma ya duka. Ana fimbo yake mwenyewe, aliyopewa na kaka yake miaka sita iliyopita. Sasa ni Oktoba. Bonasi ya chai imelipwa, na mama amemkatia fungu lake. Mfanyabiashara kutoka Kericho ameleta fimbo mpya, nyeusi, iliyoundwa kwa nyuzi za kaboni, na bei yake inameza fungu lote. Je, ainunue, au abaki na ya kale?

Usiseme kuwa swali hili ni dogo mno kwa insha. Najua pia kwamba chumba cha pool hakina sifa njema kwa walimu, nami ni mmoja wao. Mara nyingi tumewatafuta humo wanafunzi waliopasa kuwa darasani. Sikitetei chumba hicho. Lakini swali la fimbo ni swali la kila chombo ambacho mkono umekizoea, na wewe nawe litakufikia siku moja kwa jina jingine.

Kiswahili kina methali mbili ambazo watu hupenda kuzipiganisha hapa. Mmoja husema, “Kipya kinyemi ingawa kidonda.” Mwingine huongeza, “Usiache mbachao kwa msala upitao,” akadhani ameumaliza ubishi kwa kuvipa ushindi vitu vya kale. Isikilize vizuri methali hiyo ya pili. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na methali haifichi uchakavu wake. Wala haikatazi msala kwa sababu ni mpya. Inakataza kwa sababu unapita, yaani si wako, na kesho utaondoka na mwenyewe. Fimbo ikinunuliwa haipiti tena. Basi methali imetuonya, lakini haikutuamulia.

Tuitazame fimbo yenyewe. Fimbo nyingi za pool huundwa kwa mti, na mti hunywa unyevu. Katika nchi ya Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na fimbo iliyoegemezwa ukutani katika chumba chenye baridi hupinda kidogo kidogo, asijue mwenyewe. Ukitaka kujua, ilaze juu ya meza uiviringishe: iliyonyoka huenda kimya, iliyopinda huruka-ruka. Ya kijana wetu huruka. Ile ya kaboni haipindwi na unyevu.

Utasema hoja imekwisha, na anunue. Subiri. Kwa miaka sita kijana huyu amekuwa akilenga kando kidogo ili mpira uende sawa. Hakufundishwa na mtu. Mkono wake ulijifunza wenyewe, na sasa hutumbukiza mipira ambayo wengi hawaithubutu. Tuuite nini ujuzi huo? Kwa maoni yangu ni ujuzi wa kweli, lakini una mpindo ndani yake. Mpe fimbo iliyonyoka kama uzi, naye atakosa kwa majuma mengi, maana atairekebisha kasoro isiyokuwapo. Wenzake watacheka na kusema fimbo mpya ni mbovu. Watakuwa wamekosea, na lau angalishinda siku ya kwanza wakaisifu fimbo, wangalikosea vilevile.

Tuna mfano mkubwa katika snuka, mchezo ulio jamaa na pool. Stephen Hendry wa Scotland alitwaa ubingwa wa dunia mara 7, kati ya mwaka 1990 na 1999, kwa fimbo ya bei ndogo aliyokuwa nayo tangu ujana. Mwaka 2003 fimbo hiyo ilivunjika katika safari ya ndege, na hakuwa bingwa wa dunia tena. Hadithi ikiishia hapo, kila mtu hulia na fimbo. Lakini hesabu miaka. Tangu 1999 mpaka 2003 fimbo ilikuwa nzima mkononi mwake, wala ubingwa haukurudi. Mwaka 2002 alifika fainali akashindwa na Peter Ebdon, 18 kwa 17. Na baada ya kuvunjika, mwaka huohuo wa 2003, alishinda mashindano ya British Open kwa fimbo nyingine, na mwaka 2005 akashinda Malta Cup. Fimbo ilichukua lawama nyingi kupita sehemu yake.

Hapo ndipo naona kipimo. Sharti kijana ajiulize: mpira ukikosa tundu, ni fimbo gani itakayoniambia ukweli juu ya mkono wangu? Ile iliyopinda hulipa kisingizio kila kosa, tena humnyima sifa anapopiga vema, kwa kuwa hajui amefanya nini. Ikiwa ya kale ingali imenyoka, sioni sababu ya kumaliza bonasi kwa ajili ya rangi nyeusi inayong’aa. Ikiwa imepinda, na aiache, akijua kwamba atashindwa na watoto kwa muda.

Na hisani ya kaka je? Kaka alitoa fimbo ili ndugu yake acheze, wala hakumwekea amana. Deni liko kwa kaka, haliko kwa mti.

Neno moja zaidi, kwa kuwa tuko katika nchi ya chai. Mei 2023 waandamanaji walichoma moto mashine za kuchumia chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Asije mtu akachukua hoja yangu ya fimbo akawahukumu kwayo kuwa ni watu wanaoogopa upya. Kijana wa Litein ndiye achaguaye, ndiye alipaye, na ndiye atakayekosa mipira. Mashine huchaguliwa na mmoja, na kazi ikapotea kwa mwingine, ambaye mikono yake ilijua kukata majani mawili na chipukizi bila kutazama. Hilo ni swali la haki, na ni zito kuliko letu.

Basi kabla ya kutoa fedha, kijana amwombe mfanyabiashara amwachie fimbo kwa jioni moja, apige mpira uleule mara hamsini kwa kila fimbo. Na akiinunua, mdogo wake ataitaka ile ya kale. Ampe, lakini amwonyeshe kwanza inapindia upande gani.