Tumeumbwa kwa udongo, vipi tumdharau mfinyanzi?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, leo naandika ili kulipa deni. Kijana mmoja niliyemfundisha sekondari aliniomba niwe miongoni mwa watu wazima wa kumpelekea posa. Kijana huyu ni mfinyanzi. Kazi ameirithi kwa mama yake, na katika mji wetu mdogo amekodi vyumba viwili karibu na stendi. Cha nyuma ni karakana, cha mbele ameweka rafu za kuonyeshea vyungu, mitungi na vyetezo. Anaswali jamaa, na anasomesha wadogo zake wawili.

Baba wa binti alitupokea kwa bashasha mpaka alipouliza kazi ya muoaji. Alipojibiwa, alicheka. "Yaani anachezea matope?" Kisha akanigeukia: "Mwalimu, wewe umesoma mpaka chuo kikuu. Binti yako ungempa?" Nilinyamaza. Posa ikakataliwa.

Ukimya ule umenikosesha raha, kwani mimi ndiye ninayesomesha Surat Rahman darasani. Katika aya ya 14 Allah (S.W.) anatukumbusha kuwa mwanadamu ameumbwa kwa udongo mkavu wenye kutoa mlio, mfano wa vyombo vya mfinyanzi. Basi mwenye kuona udongo unashusha heshima, na akumbuke asili yake.

Huo mlio niliufahamu karakanani kwa kijana huyu, sio chuoni. Siku moja nilichagua mtungi mzuri nikatoa pesa. Akaugonga kwa kidole cha kati, akasikiliza, akaurudisha ndani. "Huu siuzi, mwalimu. Umepata ufa." Mimi sikuona ufa wowote. Akagonga wa pili, ukalia kama kengele, akanipa huo. Chombo kizima hulia, chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Nikakumbuka Hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akasema kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Kijana alikuwa na kodi ya kulipa na kuni za kununua, na hakuna ambaye angemjua. Lakini alimjua anayemuona.

Hata hivyo, tumtendee haki na yule mzee. Walii ana haki ya kuuliza matunzo ya binti yake yatatoka wapi. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na kweli ndoo za plastiki na sufuria za alumini zimeibana biashara hii. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unachanganywa na vigae vilivyotwangwa ili chombo kistahimili moto, unafinyangwa na kukaushwa taratibu. Akikifanyia haraka kikaingia motoni na unyevu, kinapasuka, na jasho la siku nyingi limepotea. Lakini mzee hakuuliza kipato. Alicheka jina la kazi tu.

Na jina hilo lina historia. Nchini Nigeria, mwanamke wa Kigwari aitwaye Ladi Kwali alifinyanga mitungi kwa mikono mitupu, akiizunguka kwa miguu badala ya kuzungusha gurudumu. Amiri wa Abuja, Suleiman Barau, aliiweka mitungi yake katika kasri lake. Huko ndiko Mwingereza Michael Cardew, aliyeanzisha kituo cha ufinyanzi katika mji huo mdogo ambao leo unaitwa Suleja, alipoiona. Mwaka 1954 Ladi akajiunga na kituo. Vyombo vyao vilionyeshwa na kuuzwa London mwaka 1958, na mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari, mtu ambaye hakupata elimu ya shule. Picha yake imo katika noti ya naira 20. Mapambo yake ya mijusi na samaki yana mjadala wake kwa mafakihi, na hiyo si maudhui yangu leo. Ninachosema ni kuwa amiri hakuona aibu kuuweka udongo ule kasrini.

Sisi je? Nabii Daud (A.S.), mfalme, alikula kwa kazi ya mikono yake, kama ilivyopokewa na Bukhari. Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala. Na Mtume (S.A.W.) alipotuelekeza nani tumuoze, alitaja dini na tabia. Lakini leo akija mwenye tai na kiti cha ofisi, tunampokea bila kumgonga tusikie mlio wake, na wengi nyufa zao huzisikia mabinti zetu baada ya harusi.

Ndugu zangu katika imani, mzee yule alinigonga mimi pia, na nilitoa sauti ya chombo chenye ufa. Mwalimu anayejua aya akanyamaza mahali pa kuisema, elimu yake ina kasoro. Nina binti wa miaka sita. Mzee wangu, kama unasoma safu hii, jibu la swali lako ni ndiyo, ningempa. Na niko tayari kuja tena na posa ile ile, tukuombe uulize upya, safari hii uanze na swala yake na uaminifu wake.

Wabillahi tawfiq.