Tafakuri Mbele ya Kiota cha Majimoto

Katika Surat al-Jathiya viumbe waliotawanywa ardhini wametajwa kuwa ni ishara kwa watu wenye yakini, yaani elimu isiyochanganyika na shaka, wala udogo wa kiumbe haukumwondoa katika hesabu hiyo, kwani katika Surat al-Baqara hata mbu amepewa nafasi ya kuwa mfano. Basi anayelalamika kwamba mtaani kwake haoni ishara yoyote, huenda ishara zipo tele, ila yeye hajaangalia.

Kuangalia huko wanazuoni hukuita tafakuri, nayo ni kuutuliza moyo juu ya kitu kimoja mpaka kiufikishe kwa aliyekiumba. Haitimii kwa "Subhanallah" ya haraka huku macho yakiwa kwingine. Mwembe mmoja wa pwani unatosha. Majimoto, wale chungu wekundu ambao kila mkwezi anawajua kwa maumivu yao, hushikana kiuno kwa kiuno wakawa mnyororo, wakalivuta jani hadi likutane na lenziwe, kisha wenzao huja na mabuu midomoni, wakawapitisha huku na huku kati ya kingo mbili, na buu akatoa uzi wa hariri unaozishona. Chungu mzima hana uzi huo. Mwenye nao ni mtoto asiyeweza hata kutembea, naye hajifumii kifuko chake mwenyewe, bali huutoa wote kwa nyumba ya jamaa. Aya ya Surat al-An'am inayowaita wanyama na ndege umma, yaani jumuiya mfano wa wanadamu, humwingia kwa uzito mwingine aliyekwisha kukitazama kiota hicho.

Tena chungu hao wana kazi: utafiti uliofanywa Unguja miaka ya 1950 ulionyesha kwamba huilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza vidaka hata vikapukutika.

Abu Huraira amepokea, na Bukhari na Muslim wakaithibitisha, habari ya Nabii aliyeumwa na chungu akaamuru kijiji chao kichomwe, akalaumiwa na Mola wake kwa kuuangamiza umma unaomsabihi kwa kosa la mmoja. Wanazuoni hawakumzuia mtu kujikinga na mdudu amdhuruye. Ila kwa yule anayepanda mwembeni na tambara la mafuta ya taa, iko hadithi nyingine katika mkusanyo wa Abu Daud, inayoiacha adhabu ya moto kwa Mola wa moto peke yake.