Mawe ya Daudi na Stika ya Twiga

Neno: 1 Samweli 17:38–40

Swali la wiki hii limetoka kwa kijana wa usharika wetu hapa Bunju. Ameanza kuunganisha ndege za modeli, zile zinazokuja kwenye boksi vipande vipande vya plastiki: unakata, unabandika kwa gundi, unapaka rangi. Mjomba wake aliye ng'ambo amempa Boeing 787-8 Dreamliner, ndogo mara 144 kuliko ile halisi. Ikikamilika itakuwa na urefu wa kama sentimita 39. Anauliza: "Mchungaji, niagize na vifaa vya ziada, au nitakuwa nachezea hela?"

Vifaa hivyo hutengenezwa na watu wengine, si wenye boksi. Kuna matairi na viti vya marubani vya resini, kuna vibati vyembamba vya shaba vya dashibodi na mikanda, kuna stika za kuloweka majini zenye rangi za mashirika mbalimbali. Ukivijumlisha, bei inaweza kuipita ya boksi lenyewe, na hapo hujalipa posta.

Nikamwambia anionyeshe. Akashika nusu mbili za mwili wa ndege, akazifumbata bila gundi, akanipa nichungulie. Dirisha la rubani halifiki upana wa ukucha wangu. Ndani ni giza tupu. Kiti kizuri cha resini kingekaa humo, na gundi ikishakauka hakuna jicho litakalokiona tena. Wapo wanaoviweka hata hivyo, kwa raha ya kujua tu kwamba vipo, na mimi siwalaumu.

Stika ni habari nyingine. Maboksi haya kwa kawaida huja na rangi za Boeing au za mashirika ya kigeni. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania ilitua Dar es Salaam Julai 2018, na mtoto wa Bunju anayetaka twiga wa shirika hilo kwenye mkia hana budi kumtafuta nje ya boksi. Hapo nyongeza inaleta kitu ambacho boksi halina.

Halafu kuna suala la mkono. Gundi ya modeli hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki kidogo, pande mbili zikashikana. Resini haiyeyuki hivyo. Inataka supa gluu, na supa gluu haikupi nafasi ya kurekebisha. Tena resini ikisuguliwa kavu, vumbi lake linadhuru mapafu. Kijana wetu bado hajamaliza ndege yake ya kwanza.

Sasa tumwangalie Daudi. Mfalme Sauli alimvika kofia ya shaba na dirii ili ashuke bondeni kupigana, tena kwa nia njema. Silaha za mfalme hazikuwa mbovu. Daudi alizivaa, akajaribu kwenda, akazivua kwa sababu hakuwa amezizoea. Wahubiri wengi (na sisi wa Kilutheri tumo) huishia hapo, kana kwamba Daudi alikataa kila kilichoongezwa. Someni mstari wa 40. Alipita kijitoni akaokota mawe matano laini. Mawe hayo nayo ni nyongeza! Ila yaliingia kwenye kombeo ambalo mkono wake ulilijua tangu machungani.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana: nunua stika ya twiga, viti viache. Jenga kwanza kilichomo kwenye boksi mpaka mwisho.

Lakini swali lake limenipeleka mbali zaidi ya meza yake, maana mji wetu umejaa wauzaji wa vifaa vya ziada vya imani. Chupa za mafuta, chumvi, maji, stika za kubandika mlangoni, kila kimoja na bei yake. Februari 1, 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa waumini, si wajinga, na siwasemi marehemu. Ninaowasema ni sisi tunaowaaminisha watu kwamba msalaba uliletwa na vipande pungufu.

Mafuta yenyewe yamo katika Maandiko. Yakobo 5:14 inawataja wazee wa kanisa wakimwombea mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Yako pale pamoja na maombi, pamoja na watu wanaokufahamu, na hakuna anayelipishwa. Ukiyatoa hapo ukayatia kwenye chupa yenye bei, unamvika mgonjwa dirii ya Sauli halafu unamtuma bondeni.

Kwa hiyo nawasihi: ukiwa na mgonjwa nyumbani, usianze kutafuta chupa. Waite wazee wa kanisa wa mtaa wako, hata kama ni usiku. Watakuja, na hawatozi kitu.