Nani Alijenge Kanisa Letu?

Swali hili limenikaa kooni tangu mwaka jana, na wenzangu wa kijiweni wananicheka eti nimeanza uchungaji. Wacha wacheke. Muumini anapoambiwa ana wajibu wa kulijenga kanisa lake, anadaiwa nini hasa? Kama ni fedha tu, basi mwenye nazo alipe, sisi wengine tukae tuimbe.

Hapa Katoro swali hilo si la vitabuni. Huu ni mji wa soko na dhahabu. Duara likitema kule Rwamgasa au Nyarugusu, mtu aliyelala na njaa jana, kesho anaulizia bei ya gari. Na wengi wao, tusiwaseme vibaya, hukumbuka sadaka. Kanisani kwetu alijitokeza mmoja. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha, kwa matofali ya kuchoma tuliyobeba wenyewe kila Jumamosi ya msaragambo. Akasimama akasema yaliyobaki yote, mpaka bati la mwisho, aachiwe yeye. Jamani, vigelegele! Mimi mwenyewe, katibu wa vijana, nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Sasa, palikuwa na bibi mmoja muuza dagaa. Kila Jumapili alifungua fundo la khanga, akatoa shilingi mia tano, akasimama pale pale mpaka aione imeandikwa kwenye daftari. Jumapili iliyofuata mzee mmoja wa kanisa akamwambia, tena kwa upole kabisa: "Bibi, wewe pumzika sasa. Mungu ametuletea mtu." Bibi akalifunga fundo lake. Hakununa. Lakini tangu siku hiyo akawa anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kama mgeni.

Mimi nasema tulimwibia. Mia tano yake haikununua hata tofali la maana, lakini ilimfanya aingie pale kama mwenye nyumba.

Watu huruka sura ya tatu ya kitabu cha Nehemia kwa sababu ni orodha ya majina matupu. Mimi naipenda. Ukuta wa Yerusalemu umegawanywa vipande: makuhani wana chao, wafua dhahabu chao, mtengeneza manukato chake, na Shalumu anajenga pamoja na binti zake. Waliokataa kuinamisha shingo ni wakubwa wa Tekoa. Wafua dhahabu wamo, mnaona? Ila hawakuachiwa ukuta mzima.

Najua mtanijibu kwamba michango nayo imeumiza watu. Ni kweli. Kuna makanisa yanayosoma majina ya wadaiwa madhabahuni, na kibarua wa karasha akisikia lake mara mbili, mara ya tatu haji. Kodi ya namna hiyo siitetei. Yule mjane wa senti mbili katika Injili hakuitwa jina na mtu. Asiye na hela ana mikono, achote maji ya kukorogea udongo.

Mwezi Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliukataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa Katoliki la Soweto, akaagiza fedha zirudishwe. Hofu yake ilikuwa siasa kuingia kanisani. Nampongeza, ingawa huku kwetu tajiri hakutaka kura wala kiti cha mbele. Alitoa kwa moyo mweupe, na bado tukaharibikiwa.

Maana baada ya miezi minne duara lake liliacha kutema. Kuta zilikuwa zimefika kwenye lenta, mbao zikanyeshewa. Tukaita msaragambo: tukaja watu sita. Wengine wakaanza kumwita tapeli, mtu aliyetoa kila alichokuwa nacho! Hakuna aliyejiuliza mikono yetu ilikuwa wapi miezi yote hiyo.

Kwenye kikao nilipendekeza kwamba akipata tena, apokewe kwa furaha, lakini apewe kipande chake kama wengine, na daftari la mia tano lifunguliwe upya. Mzee yule yule akanitazama, akasema kijana huyu anaandika sana kuliko anavyobeba. Sikuwa na jibu. Jioni ile nilikwenda kwa bibi wa dagaa kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama daftari lile bado lipo.