Bei ya Uzi Uliofumuliwa

Wiki hii twaomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo dogo, nalo ni kofia ya mtoto mchanga. Tuliinunua sokoni Nachingwea mwezi wa Juni, wakati baridi ya usiku inapowafanya hata watu wa kusini watafute blanketi. Kofia hiyo pamoja na soksi zake ilifumwa kwa mkono, mistari ya buluu, kijani na rangi ya maziwa, na kila mstari ulianzia pale uzi wa rangi nyingine ulipokwisha. Mama aliyeiuza alitaja bei yake. Nasi tukamjibu kama wajibuvyo wengi: "Mama, lakini uzi huu si wa dukani, ni wa sweta kuukuu." Akanyamaza kidogo, akapunguza. Tukasema tena, akapunguza tena. Tuliondoka na furaha ya mtu aliyeshinda kesi, tukashika njia ya Ruangwa kuwapelekea zawadi wazazi waliotuomba tumbatize mtoto wao.

Huko Ruangwa bibi yake mtoto aliigeuza ile kofia ndani nje, akayapapasa mafundo kwa kidole kimoja kimoja, kisha akauliza: "Baba Padri, mfumaji ulimpa ngapi?" Tulipomtajia hakusema neno. Aliikunja kofia taratibu, akaiweka chini ya mto.

Tangu siku hiyo twajiuliza: kitu kilichofanyizwa kwa mabaki, thamani yake ni nini? Je, kwa kuwa uzi wake uliokotwa, kazi yake nayo iliokotwa?

Yafaa kwanza msomaji aijue kazi yenyewe, maana wengi twaipangia bei bila kuijua. Mfumaji hununua masweta yaliyobaki chini ya robota la mitumba, yale yenye viwiko vilivyotoboka au madoa yasiyotoka. Si kila sweta lamfaa. Huligeuza kwanza autazame mshono. Ikiwa vipande vya sweta vilikatwa kwa mkasi kutoka katika kitambaa kilichofumwa kwa mashine, akilifumua hupata vijinyuzi vifupi visivyofaa kitu. Lakini ikiwa kila kipande kilifumwa kwa umbo lake tangu mwanzo, mshono ukikatwa kwa uangalifu uzi huja mrefu, hauishi upesi. Mara nyingi huanzia juu, penye shingo na mabega, kwa sababu masweta mengi yalifumwa kutoka chini kwenda juu, na uzi hukubali kurudi kwa njia uliyojia. Ukitoka huwa umejikunja kama nywele zilizofumuliwa leo asubuhi. Basi huuzungusha penye maegemeo ya kiti, akaufunga mahali kadhaa usitatizike, akaufua, akautundika wenye maji pamoja na kitu kizito chini yake ili unyoke. Ukikauka huuviringa donge. Hapo ndipo kazi ya kufuma yaanza. Sindano zake ni njiti za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Na yule afumaye kwa kulabu huweza kuitengeneza kwa ubavu wa mwavuli uliovunjika. Kofia yetu na soksi zake, kufumua na kufuma, zilimchukua jioni tano, baada ya shamba, baada ya jiko, watu wengine wote wa nyumba wakiwa wamelala.

Katika wilaya hizi mbili kazi za namna hii si ngeni. Vipande vinavyoanguka chini ya cherehani ya fundi hugeuka mazulia ya mlangoni, na salfeti iliyochakaa huchambuliwa nyuzi zake zikafungia hiki na kile. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kikapu na mfuko wa kufuma vilirudi mikononi mwa watu waliokuwa wamevisahau. Na kabla ya hayo yote, mama zetu wa Lindi walikuwa wakisuka ukili wa milala, upapi mrefu wa mikono na mikono, wakaushona ukawa mkeka. Hapa twaomba msomaji asimame kidogo. Milala hukatwa porini, haina dukani kwake. Wala hatujapata kumsikia mtu akimwambia msusi, "Nipunguzie, maana majani uliyakata bure." Mkeka twaulipia kazi, wala hatuoni ajabu. Mbona basi uzi wa sweta, ambao mama yule aliununua kwa fedha yake, tukaufanya sababu ya kumpunja?

Jibu tulilolipata halitupendezi. Jani la milala halikuwa takataka ya mtu. Uzi ule ulikuwa umevaliwa na kutupwa, na dharau tuliyo nayo kwa kitu kilichotupwa tuliihamisha kwa mtu aliyekiokota. Tulipotamka "sweta kuukuu" tulidhani twaeleza habari ya uzi. Kumbe tulikuwa twamwambia mama yule mahali tulipomweka.

Katika seminari kuu tulifundishwa falsafa ya Aristoteles, kwamba kila kitu kina maada yake, yaani kile kilichofanyizwa nacho, na umbo lake, yaani lile liifanyalo maada ile iwe kitu hiki wala si kingine. Mfano wa kitabuni ni shaba na sanamu. Tulikariri, tukafaulu mtihani, tukasahau. Laiti mwalimu wetu angaliingia darasani na sweta moja, akalifumua mbele yetu! Uzi wote ungalikuwapo, pasikose hata shubiri moja, na sweta lisingekuwapo tena. Kile kilichotoweka kilikuwa nini? Ni mpango wa vitanzi, kimoja ndani ya kingine. Na mpango huo haukukaa katika uzi kwa asili yake, bali uliwekwa na mikono yenye akili. Mfumaji huitoa maada katika umbo moja na kuitia katika jingine. Mnunuzi anayelipia uzi peke yake hulipia kile ambacho, bila mama huyu, angekikuta chini ya robota asikitake.

Mji wenyewe wa Nachingwea ungeweza kuwa shahidi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili ijipatie mafuta ya kula. Mashine nyingi zilizoletwa zilikuwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Hata vifaru vya vita vilivyoitwa Sherman vilibadilishwa vikawa matrekta, vikaitwa Shervick. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umevunjika, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika hesabu. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Hatuwacheki Waingereza kwa kutumia mabaki. Hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini walidhani kwamba chuma kingi na fedha nyingi vyatosha, hata pasipo mtu anayeujua udongo ule na mvua ile. Mama wetu wa sokoni, mwenye njiti mbili za baiskeli, huutazama mshono kabla ya kutoa fedha.

Turudi kwenye bei. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliiuliza habari hii katika karne ya 13, naye hakumwonea muuzaji peke yake. Afundisha ya kwamba kuuza kitu kwa zaidi ya thamani yake ni dhuluma, na kukinunua kwa pungufu ya thamani yake ni dhuluma vilevile. Tena akubali kwamba mtu aliyekifanya kitu kuwa bora zaidi ana haki ya kukiuza ghali kuliko alivyokinunua, maana apokea malipo ya kazi yake. Hapa hapana shimo la kujifichia.

Msomaji atasema: Lakini mama alikubali! Hakulazimishwa na mtu. Ndivyo tulivyojitetea na sisi, mpaka tulipokumbuka aliyoandika Papa Leo XIII mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Yeye alinena juu ya mshahara wa mfanyakazi: mapatano ya hiari peke yake hayatoshi kuufanya kuwa wa haki, kwani mtu anayekubali kidogo kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, huwa ameonewa ijapokuwa alitikisa kichwa. Nasi tuliona wazi kwamba mama yule alikuwa ametaka kwenda nyumbani kabla ya jua kuchwa, na kofia ilikuwa ya mwisho. Hatupigi vita desturi ya kupatana bei. Ina utani wake na heshima yake, na soko lisilo na mapatano ni baridi kama ofisi. Lakini kuna kupatana kwa watu wawili wanaoweza wote kusema "hapana," na kuna kusukuma ukijua mwenzio hana pa kuegemea.

Lipo neno gumu zaidi, wala hatutalificha. Pembeni mwa kofia ile ya kufuma palikuwa na lundo la sweta za watoto, za mitumba, bei chini. Tangu masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba imeyajaza masoko yetu. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikusudia kuiondoa polepole. Marekani ikatishia kuwanyima wenye kufanya hivyo nafasi ya kuuza nguo kwake bila ushuru, na isipokuwa Rwanda, nchi zikarudi nyuma. Hivyo robota lile lile limpalo mfumaji uzi wake ndilo limpalo mshindani wake. Nguo iliyotolewa bure huko Ulaya haiwezi kushindana kwa haki na jioni tano za mtu. Mzazi maskini wa Ruangwa akichagua ya mitumba, hatuna neno naye. Afunike mtoto wake. Neno letu ni kwa sisi wenye mshahara, ambao tuliitaka hasa ile iliyofumwa kwa mkono, tukaisifu uzuri wake, kisha tukailipia kana kwamba imetoka kwenye lundo.

Na kwa kuwa twasema kweli, tuseme na hili. Katika maparokia yetu akina mama huombwa kufuma vitambaa vya altare na vya viti vya wageni. Wanaotoa kwa hiari wamefanya vema, wala zawadi haiulizwi bei. Lakini wapo walioagizwa kazi, wakapimiwa urefu na upana, wakatajiwa siku ya kumaliza, na mwisho wakaambiwa Mungu atawalipa. Mungu hulipa madeni yake. Hatujui kama amekubali kubeba na yetu.

Mwezi wa Julai tulirudi Nachingwea. Mama alikuwa mahali pale pale, akifuma. Tulimwambia tulichojia, tukampa kiasi kilichobaki katika bei yake ya kwanza. Alizihesabu fedha mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, wala hakutushukuru kupita kiasi. Ilikuwa mali yake. Kisha akaitazama mikono ya sweta tulilovaa, maana asubuhi ilikuwa ya baridi. "Baba, ngoja," akasema. Akalishika pindo, akaligeuza, akautazama mshono kwa muda, akatikisa kichwa.

"Hili lilikatwa kwa mkasi," akasema. "Halifumuki. Livae tu, Baba."