Shahidi Asiye na Ulimi: Je, Maabara Inaweza Kuhukumu?

Zamani katika pwani ya Afrika Mashariki, mtu aliposhukiwa kutenda uovu na mashahidi wakakosekana, aliweza kupewa kiapo. Hakikuwa kiapo cha maneno tu kama kile cha mahakamani leo. Katika kiapo cha shoka, chuma kilipashwa moto mpaka kikawa chekundu, kisha mshukiwa akakigusa. Akiungua, alihesabiwa kuwa mkosaji. Waliohudhuria walirudi majumbani bila lawama moyoni, kwa kuwa si wao waliohukumu. Lililohukumu ni shoka.

Leo tunayacheka mambo hayo. Hata hivyo, tukisikia kwamba vipimo vimethibitisha au kwamba DNA haidanganyi, wengi wetu hunyamaza kama walivyonyamaza wale waliolitazama shoka. Makala hii inauliza: jaji anapotegemea ushahidi wa maabara, ni nani hasa anayehukumu? Hoja yangu ni kwamba sayansi ya uchunguzi wa jinai ni msaada mkubwa kwa haki, lakini haiwezi kumtua binadamu mzigo wa kuhukumu, na hutenda haki pale tu inapokubali kuulizwa maswali.

Tuanze na sifa zake, maana inazistahili. Binadamu ni shahidi dhaifu. Husahau, huogopa, huchukia, na mara nyingine hukiri asilolitenda. Katika jimbo la Leicestershire, Uingereza, wasichana wawili wa miaka 15 walibakwa na kuuawa, mmoja mwaka 1983 na mwingine mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 alikamatwa, akakiri kosa la pili. Polisi walimwomba Alec Jeffreys, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester aliyegundua mwaka 1984 njia ya kumtambua mtu kwa DNA, athibitishe kwamba kijana huyo aliwaua wote wawili. Majibu yakaonyesha kwamba muuaji ni mtu mmoja, na kwamba mtu huyo si kijana yule. Kwa hiyo, katika kesi hiyo ya mwanzo kabisa, DNA ilimwokoa mtu kabla haijamtia mtu hatiani. Nani angemwamini kijana yule baada ya kukiri kwa kinywa chake mwenyewe?

Kisa hicho kina sehemu ya pili. Polisi walichukua sampuli za maelfu ya wanaume wa vijiji vya jirani, wasimpate muuaji. Kumbe alikuwa amemshawishi mfanyakazi mwenzake atoe damu kwa jina lake. Alikamatwa mwaka 1987 kwa sababu mwenzake huyo alilisema jambo hilo baa, na mtu aliyelisikia akaenda kutoa taarifa. Kipimo hakikukosea, kwani kilisema kweli kuhusu damu iliyokuwa ndani ya chupa. Lakini damu hiyo ilikuwa ya nani? Swali hilo lilijibiwa na sikio la binadamu.

Kisa cha pili kinatisha zaidi. Mwezi Machi 2004, mabomu yaliripuka katika treni za Madrid na kuua watu zaidi ya 190. Alama ya kidole ilipatikana kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na vifaa vya kuripulia. Kompyuta ya FBI nchini Marekani ilitoa orodha ya watu wenye alama zinazokaribiana na hiyo, na mmoja wao alikuwa mwanasheria wa jimbo la Oregon, Mwislamu. Wataalamu watatu wa FBI walisema alama ni yake. Polisi wa Hispania wakasema haifanani, lakini hawakusikilizwa. Mwanasheria huyo akakamatwa mwezi Mei. Hata mtaalamu wa nne, aliyeteuliwa na mahakama kwa ajili ya utetezi, alikubaliana na wale watatu. Baada ya majuma mawili hivi kizuizini, aliachiliwa kwa sababu Wahispania walikuwa wamempata mwenye alama, raia wa Algeria. Serikali ya Marekani iliomba radhi na mwaka 2006 ikalipa dola milioni 2.

Kosa lilikuwa wapi? Uchunguzi rasmi uliofuata ulieleza kwamba alama hizo mbili zilifanana kwa namna isiyo ya kawaida. Lakini ulieleza pia kwamba wataalamu, baada ya kuitazama alama ya mwanasheria, walianza kuona kwenye ile ya Madrid mambo ambayo hayakuwamo. Kuhusu dini yake, uchunguzi ulisema haikuwa chanzo cha kosa, ila huenda ilichangia wasirudi kujikagua mapema. Alama yenyewe haikusema uongo. Haina ulimi, na wataalamu ndio walioiazima ulimi wao, pamoja na yale waliyokwisha kuyaamini.

Mtu anaweza kunipinga kwamba haya ni makosa ya watu, si ya sayansi, na kwamba mashine bora zitayamaliza. Nakubali kwamba mashine bora ni jambo jema. Lakini maabara na mahakama haziulizi swali moja. Maabara huuliza kama damu hii inalingana na ya fulani. Mahakama huuliza kama mshtakiwa alitenda, na kama alikusudia. Damu ya marehemu inaweza kuwa kwenye shati la aliyemchoma kisu, na inaweza kuwa kwenye shati la jirani aliyembeba kumkimbiza hospitali. Mashine itatoa jibu lilelile kwa mashati yote mawili. Kutoka kwenye kulingana hadi kwenye hatia kuna safari, na safari hiyo hutembewa kwa miguu ya binadamu.

Mwingine atasema kwamba tukitilia shaka kila kitu, wabakaji na wauaji watapona, na waliodhulumiwa watapoteza shahidi wao wa pekee. Hoja hii ni nzito. Lakini kuuliza si kukataa. Kipimo kilichofanywa vizuri hakiogopi kuulizwa ni nani alichukua sampuli, ilihifadhiwa wapi, na uwezekano wa kukosea ni kiasi gani. Tena anapofungwa asiye na hatia, aliyedhulumiwa hapati haki, maana mkosaji bado yuko nje.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi wanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda. Ripoti ya mkemia huandikwa kwa Kiingereza, na lugha ya mahakama zetu ni Kiingereza. Mshtakiwa maskini atampata wapi mtaalamu wa pili asiyemtegemea wa kwanza, kama Wahispania walivyokuwa? Hata mkalimani akiwapo, kuna shimo kati ya kusema kwamba sampuli "inalingana na ya mshtakiwa" na kusema kwamba "ni ya mshtakiwa". Maneno ya kwanza yanaacha nafasi ya shaka, ya pili yanaifunga. Mkalimani akilichanganya hilo kwa haraka, mtu anaweza kwenda gerezani kwa kosa la kisarufi. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Hatua hiyo haimpi mshtakiwa maabara, lakini inampa uwezo wa kuelewa anachoshtakiwa nacho, na asiyeelewa hawezi kuuliza.

Basi naona wajibu ni wa pande tatu. Mwanasayansi aseme anachokijua na mpaka wa anachokijua. Jaji asijifiche nyuma ya ripoti, bali aandike katika hukumu yake kwa nini ameiamini. Nasi wa lugha tutafute maneno ya Kiswahili ya kueleza uwezekano, kulingana na shaka, mpaka mama anayeuza matooke sokoni aweze kuisikiliza ripoti inayomhusu mwanawe na kusema, "Hapo sijaridhika, nielezeni tena."